Kifafa cha Utotoni: Lugha Inapohama Upande

Wengi wetu kifafa tunakijua kwa kuanguka na kutoka povu, basi. Lakini kikimwanza mtu akiwa mtoto mdogo, kinaweza kubadilisha hata mahali lugha inapokaa kichwani.

Kwa watu wengi lugha inaendeshwa na nusu ya kushoto ya ubongo. Daktari Mfaransa Paul Broca alianza kuliona hilo mwaka 1861, alipochunguza ubongo wa marehemu aliyekuwa akijibu karibu kila swali kwa neno "tan" tu. Uharibifu ulikuwa kushoto, sehemu ya mbele.

Sasa, kwa mtu aliye hai utajuaje? Juhn Wada alibuni kipimo: dawa inapitishwa kwenye mshipa mkubwa wa shingoni, nusu moja ya ubongo inalala kwa dakika chache, mgonjwa anatajishwa vitu. Akikwama, lugha iko upande huo. Mwaka 1977 Rasmussen na Milner wa Montreal walitoa matokeo ya kipimo hicho kwa wagonjwa wa kifafa. Walioumia upande wa kushoto wakiwa wadogo, lugha ilikutwa kulia, au pande zote mbili, mara nyingi kuliko kawaida. Walioumia baada ya kama miaka sita, ilihama kwa nadra. Samaki mkunje angali mbichi!

Ila kuhama kuna gharama. Nusu ya kulia ina kazi zake, kama kutambua maumbo na mielekeo. Lugha ikihamia huko wanabanana, kama chumba cha hosteli cha wawili kinacholaza wanne. Mara nyingi kusema kunaokolewa, hizo kazi nyingine zinapungua.

Tena, nusu mbovu yenye kifafa inaweza kuizuia ile nzima. Watafiti wa Uingereza walieleza mwaka 1997 habari za mvulana ambaye hakuwa akizungumza. Alipofika miaka minane na nusu, nusu ya kushoto ya ubongo wake iliondolewa kwa upasuaji. Alipofika miaka tisa, dawa za kifafa zikiwa zimeachishwa, akaanza kuongea.

Wengi wetu tutaingia madarasani kufundisha. Ukikuta mtoto aliyekuwa akiongea vizuri, ghafla maneno yanampotea au haelewi anachoambiwa, usiseme kiburi wala mashetani. Waambie wazazi wampeleke hospitali, mapema. Ubongo wake bado unaweza kujipanga upya, lakini haumsubiri mtu.