Buku la Majina ya Wazee

Sogeeni karibu, watoto wangu. Leo simulizi si langu. Leo linasema buku.

"Mimi ni buku la hesabu ya watu," linasema. "Nilizaliwa wakati wa Wabelgiji. Karani alipita kijiji kwa kijiji, Masisi na Walikale, huku mashariki mwa Kongo. Akaandika baba. Akaandika mama. Akaandika watoto. Alitaka kodi ilipwe. Hakujua kwamba siku moja mtoto kama wewe atamtafuta humu babu wa babu yake."

"Si tulifungue tu tusome?" Umeuliza vema, mwanangu! Lakini jina la babu yako limelala kati ya maelfu ya majina. Wino umefifia. Lazima majina yote yanakiliwe upya, moja moja, ndipo ulitafute na kulipata.

Mtu mmoja hawezi kumaliza. Mwaka 2012, Marekani ilifungulia watu wote hesabu yake ya watu ya 1940. Majina kama milioni 132! Watu zaidi ya 160,000 walijitolea kuyanakili, bila malipo, na baada ya miezi michache kazi ikaisha.

"Nani aliwapanga wote hao?" Ah, hilo ndilo swali lenyewe! Msimamizi huchukua ukurasa mmoja, akawapa watu wawili. Kila mmoja ananakili peke yake, bila kumchungulia mwenzake. Wasipopatana, anaitwa wa tatu aamue. Ni kama mafiga: mawe mawili hayashiki chungu, la tatu ndilo linalokituliza.

"Na jina lisiposomeka?" Anayenakili aandike anachokiona, si anachokidhania. Pasiposomeka, aseme hapasomeki.

"Mimi nina mafumbo zaidi," linasema buku. "Mwaka 1972 Rais Mobutu aliamuru watu waache majina ya Kizungu. Basi mtu niliyemwandika Joseph, katika hesabu ya Julai 1984 si Joseph tena. Utamtambuaje?"

Kweli, utamtambuaje? Hesabu hiyo ya 1984, nchi ikiitwa Zaire, ndiyo ya mwisho iliyofanywa nchi nzima. Tena tangu 1937 Wabelgiji walileta familia nyingi kutoka Rwanda kuja Masisi. Mjukuu wao akitaka kwenda nyuma zaidi, atavuka mpaka atafute huko.

Ndiyo maana ningekuwa msimamizi, ukurasa wa Walikale ningempa anayejua majina ya Kinyanga. Wa Masisi ningewapa wanaojua ya Kihunde na ya Kinyarwanda. Wote meza moja. Na ningewaambia kwa sauti kubwa: buku hili ni la kutafuta jamaa. Asilichukue mtu kumwambia jirani yake, "Wewe si wa hapa." Maneno hayo yameshatuua vya kutosha.

"Na kama buku la kijiji chetu limepotea?" Huenda limepotea, mwanangu. Vita vimepita hapa mara nyingi tangu 1993, watu wamekimbia, karatasi zimebaki nyuma.

Basi anza na bibi yako, hata kama mmehamia mbali na kwenu. Chukua daftari leo jioni. Muulize jina la baba yake, jina la mama yake, kijiji alichozaliwa, na majina yote aliyowahi kuitwa. Dada yako naye aandike kwenye daftari lake. Mkitofautiana, rudini kwa bibi awaamulie.