Usanifu wa Probu za Vyombo vya Kupimia: Kutoka Meza ya Fundi hadi Ziwa Viktoria

Utangulizi

Kila chombo cha kielektroniki cha kupimia hukutana na kitu kinachopimwa kupitia probu, yaani ncha ya metali pamoja na mpini wake na waya unaoiunganisha na chombo. Watu wengi huiona probu kuwa waya tu, nayo sifa yote huiendea mita. Makala haya yananuia kufafanua jinsi probu zinavyosanifiwa, na kuonyesha kwamba probu mbaya huweza kuifanya mita nzuri itoe jibu la uongo. Mifano imetolewa Kisumu na ufuoni mwa Ziwa Viktoria, ambako vipimo hivi hugusa riziki za watu. Neno probu limetoholewa hapa kama yalivyotoholewa maneno redio na betri, kwa kuwa istilahi "ncha ya kupimia" hutaja sehemu moja tu ya kifaa hicho.

Probu ni sehemu ya sakiti

Kanuni ya kwanza ni hii: probu inapogusa sakiti, huwa sehemu ya sakiti hiyo. Tuchukue mfano wa fundi wa redio wa Kibuye mwenye betri ya volti 9 iliyounganishwa na vikinza viwili vinavyofuatana, kila kimoja kikiwa na ukinzani wa megaomu 1. Katikati ya vikinza hivyo pana volti 4.5. Fundi akipima hapo kwa multimita ya kidijiti yenye ukinzani wa megaomu 10, atasoma takriban volti 4.3. Akitumia mita ya mshale yenye omu 20,000 kwa kila volti, katika kipimo cha volti 10, atasoma takriban volti 1.3 tu. Sakiti haina hitilafu yoyote. Mita ndiyo iliyofyonza mkondo na kuishusha volteji. Asiyelijua jambo hili huenda akabadilisha kikinza kizima, na mteja akalipia kisichoharibika.

Kwa sababu hiyo, msanifu hulenga kuifanya probu ichukue mkondo mdogo iwezekanavyo. Katika osiloskopu, chombo kinachochora umbo la mawimbi ya umeme, probu ya kawaida hutiwa kikinza cha megaomu 9 karibu na ncha. Kikiungana na megaomu 1 ya chombo chenyewe, jumla huwa megaomu 10. Ishara inayofika kwenye chombo hupungua mara kumi, lakini sakiti haielemewi sana.

Ukinzani pekee, hata hivyo, hautoshi. Waya wa probu na chombo chenyewe huwa na kapasitansi, ambayo huyameza mabadiliko ya kasi. Ndiyo maana probu hiyo hutiwa pia kapasita ndogo inayorekebishika kwa bisibisi. Fundi huiunganisha probu na wimbi la mraba linalotolewa na osiloskopu, kisha huizungusha skrubu mpaka pembe za wimbi zinyooke. Pembe zikiwa za mviringo, marekebisho hayajatosha. Zikichomoza juu, yamezidi. Aidha, waya wa kuunganisha na ardhi sharti uwe mfupi, kwani ukiwa mrefu huzua mitetemo ambayo haimo katika sakiti.

Probu na usalama wa mkono

Kazi ya pili ya probu ni kumlinda anayeishika. Umeme wa nyumbani nchini Kenya ni wa volti 240. Kwa hiyo mpini hufunikwa kwa kihami na kuwekewa ukingo unaozuia vidole visiteleze hadi kwenye metali. Viwango vya kimataifa huzigawa probu katika makundi kulingana na mahali zitakapotumika. Kwa kazi za swichibodi na nyaya kuu za jengo, metali iliyo wazi kwenye ncha haipaswi kuzidi milimita 4, ili isiunganishe nyaya mbili kwa bahati mbaya.

Hatari nyingine imo upande wa pili wa waya. Probu ikiachwa katika tundu la kupimia ampea, kisha ikaguswa kwenye soketi ya ukutani, mita hugeuka njia fupi ya umeme, kwa kuwa ukinzani wa tundu hilo ni mdogo mno. Hapo kinachomwokoa fundi ni fyuzi halisi iliyomo ndani ya mita. Kipande cha waya kilichowekwa mahali pa fyuzi hakiokoi mtu.

Probu ndani ya maji

Kanuni hizo hazikomei mezani pa fundi. Mwishoni mwa mwaka 2022 samaki wengi wa vizimba walikufa katika ufuo wa Kisumu, na upungufu wa oksijeni majini ukatajwa kuwa chanzo. Oksijeni hiyo hupimwa kwa probu. Aina iliyobuniwa na Leland Clark katika miaka ya 1950 ina utando mwembamba unaopitisha oksijeni hadi kwenye elektrodi, ambako oksijeni hiyo hutumika na kuzalisha mkondo. Kwa maneno mengine, probu hii hula kile inachokipima. Katika maji yaliyotulia, usomaji wake hushuka hata kama ziwa halijabadilika. Hivyo sharti maji yatiririke mbele ya utando. Probu za mwanga zilizokuja baadaye hazili oksijeni.

Zaidi ya hayo, Ziwa Viktoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Maji ya nyuzi 25 za Selsiasi yaliyoshiba hewa huwa na takriban miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita yakiwa Mombasa, na takriban 7.2 yakiwa Kisumu. Chombo kilichorekebishwa kana kwamba kiko pwani kitazidisha kila kipimo kwa takriban asilimia 15, na mfugaji ataamini kwamba samaki wake wana hewa ya kutosha.

Hitimisho

Imebainika kwamba probu ni mgeni katika kila kinachopimwa, na mgeni mwema ni yule asiyemaliza chakula cha mwenyeji. Inapendekezwa kwamba mafunzo ya ufundi yaanze na probu kabla ya mita, na kwamba mafunzo hayo yatolewe pia kwa Kiswahili, lugha inayowakutanisha fundi wa Kibuye, mfugaji wa samaki na mtafiti wa ziwa. Wanafunzi wa Kiswahili nao wana wajibu wa kukaa na mafundi hao, wakusanye maneno wanayoyatumia na kuyasanifisha, ili maonyo kuhusu fyuzi na vipimo yamfikie kila mhusika kwa lugha anayoielewa.