Je, Wajua? Escort Nyeusi ya Diana

Ford Escort lilikuwa gari la watu wa kawaida. Hata hivyo, Agosti 2022, siku chache kabla ya kutimia miaka 25 tangu kifo cha Bintimfalme Diana wa Uingereza, Escort RS Turbo aliyoiendesha kati ya 1985 na 1988 ilinadiwa kwa pauni 650,000, ada za mnada kando.

Toleo hilo kwa kawaida lilikuwa jeupe. La Diana lilipakwa rangi nyeusi ili lisivutie macho (kana kwamba watu walikuwa wakitazama gari!), likafungwa kioo cha pili cha kutazamia nyuma kwa ajili ya mlinzi aliyekaa kando yake. Leo vitu hivyo viwili ndivyo utambulisho wa gari hilo.

Escort nyingine, ya mwaka 1975, iliuzwa Las Vegas mwaka 2005 kwa dola 690,000. Mmiliki wa zamani? Papa Yohane Paulo II.

Ila wanunuzi hawadanganyiki kwa jina tupu. Hudai hati za usajili, risiti za gereji na picha za mmiliki akiwa kwenye usukani. Zikikosekana, bei hurudi kwenye bodi na injini.