Meno ya Papa Katika Vijito: Kwa Nini Buhembe Hayapo na Lindi Yapo

Katika nchi kadhaa za Ulaya na Amerika, kutafuta meno ya papa wa kale katika changarawe za vijito ni shughuli ya kawaida ya wanafunzi wakati wa likizo. Mtoto huingia majini na chekeche, huchota changarawe, huitikisa, na mara nyingine hutoka na jino jeusi linalong'aa, ambalo mwenyewe alikufa mamilioni ya miaka kabla binadamu hajakuwako duniani. Habari za shughuli hiyo husomwa pia katika shule za Tanzania, na si ajabu mwalimu wa Buhembe, katika mji wa Bukoba, akaulizwa na wanafunzi wake kama nao hawawezi kwenda kufanya vivyo hivyo katika Mto Kanoni na vijito vya jirani.

Jibu ni kwamba wanaweza kwenda, na inafaa waende, lakini jino la papa wa kale hawatalipata. Jambo hilo laweza kusemwa kwa uhakika kabla mtu yeyote hajalowesha miguu yake, na namna uhakika huo unavyopatikana ina faida kubwa zaidi kwa mwanafunzi kuliko jino lenyewe.

Kwanza jino. Mwili wa papa haukujengwa kwa mifupa migumu kama ya ng'ombe au ya sato, bali kwa gegedu, kitu kile kile kinachoyapa masikio yetu umbo lake. Gegedu huoza upesi, na kwa hiyo papa mzima aghalabu hapotei nusu, hupotea wote. Meno yake ni jambo jingine. Yamejengwa kwa fosfeti ya kalsiamu, na ngozi yake ya juu ina florini inayoifanya iwe ngumu na isiyoyeyuka kwa urahisi. Tena meno hayo hayakai kinywani maisha yote. Yamepangwa safu nyuma ya safu, na lile la mbele likidondoka, la nyuma husogea kushika nafasi yake. Papa mmoja huangusha maelfu ya meno katika maisha yake. Hii ndiyo sababu bahari za kale zimetuachia meno mengi sana ya papa, na mizoga yao michache mno.

Jino likizama katika tope la bahari na kufunikwa, maji yenye madini huanza kupenya ndani yake polepole, na baada ya muda mrefu hugeuka kisukuku, yaani mabaki ya kiumbe yaliyohifadhiwa ndani ya mwamba. Huweza kuwa jeusi, la kahawia au la kijivu. Rangi hiyo hutokana na madini ya tope lililolifunika. Si kipimo cha umri wake, ingawa wako wengi wanaodhani kwamba jino jeusi zaidi ndilo la kale zaidi.

Kwa karne nyingi huko Ulaya meno hayo yaliitwa ndimi za mawe, na yale ya kisiwa cha Malta yaliuzwa kama dawa ya sumu. Mwaka 1666 papa mkubwa alivuliwa karibu na Livorno, Italia, na kichwa chake kikapelekwa Florence kwa tabibu Mdenmark aliyeitwa Niels Stensen, ambaye vitabu vingi humtaja kwa jina la Steno. Alipolipasua taya aliona kwamba ndimi za mawe na meno ya papa ni kitu kimoja, naye akayachapisha maelezo yake mwaka 1667. Swali lililomsumbua baadaye lilikuwa gumu zaidi: kitu cha bahari kimeingiaje ndani ya mwamba ulioko mlimani? Jibu lake, kwamba mwamba huo zamani ulikuwa tope la bahari, na kwamba tabaka la chini liliwekwa kabla ya lile la juu, ni mojawapo ya misingi ya sayansi ya jiolojia.

Kijito, basi, hakitengenezi kisukuku chochote. Kazi yake ni kufukua na kuchambua. Maji hula ukingo, mwamba laini humomonyoka, na kilichomo ndani huanguka majini. Hapo mkondo huanza kugawa mizigo: tope huchukuliwa mbali, mchanga hufuata, na vitu vizito hubaki nyuma katika vishimo na katika upande wa ndani wa kona, mahali ambapo nguvu ya maji hupungua. Kipande cha madini ya fosfeti ni kizito kuliko kipande cha jiwe jeupe la kwazi kilicho na ukubwa uleule, kwa hiyo meno hukusanyika pamoja na changarawe. Wachimbaji wa madini ya bati huko Kyerwa, katika mkoa huohuo wa Kagera, hutumia kanuni hiyohiyo wanapoosha mchanga: chepesi huondoka na maji, kizito husalia. Mwanafunzi aliyekwisha kuona kazi hiyo hahitaji maelezo mengine juu ya chekeche.

Lakini kijito hakiwezi kufukua kitu kisichokuwamo. Swali la kwanza, kwa hiyo, linahusu mwamba ambao kijito kinaukata.

Miamba ya Bukoba na Muleba, ile inayoonekana katika magenge yaliyo kando ya Ziwa Viktoria, kwa sehemu kubwa ni mawe ya mchanga. Mchanga huo uliwekwa na maji, na mtu akitazama vizuri mabamba yake ataona tabaka zake waziwazi, na pengine alama za viwimbi kama zile zinazoachwa leo na maji ya kina kifupi ufukoni. Hapa ndipo wengi hupotea. Huona mchanga, huona dalili za maji, nao huhitimisha kwamba lazima wawemo samaki. Hata hivyo miamba hiyo ni ya zama zilizotangulia Kambriani, yaani iliwekwa zaidi ya miaka milioni 540 iliyopita. Papa wa mwanzo kabisa wanaojulikana kwa visukuku vyao waliishi miaka milioni 400 na kitu iliyopita. Wakati mchanga wa Bukoba unawekwa, hapakuwa na papa, wala samaki yeyote, wala mnyama yeyote mwenye meno mahali popote duniani. Kutafuta jino la papa ndani yake ni sawa na kutafuta tairi la lori chini ya misingi ya magofu ya Kilwa Kisiwani.

Mwanafunzi mwerevu hataridhika. Atasema kwamba juu ya mwamba huo wa kale liko tope jipya lililoletwa na ziwa, na ziwa lina samaki. Hoja hiyo ni nzuri na inastahili kujibiwa kikamilifu. Ziwa Viktoria ni ziwa changa. Zamani mito ya eneo hili, Kagera ikiwa mmoja wao, ilielekea magharibi. Baadaye ardhi ya upande huo iliinuka, maji yakazuiwa na kurudi nyuma, na ziwa likaumbika, kwa makadirio ya wanajiolojia yapata miaka 400,000 iliyopita. Tena halikudumu bila kukatizwa. Kati ya miaka 17,000 na 15,000 hivi iliyopita lilikauka kabisa au karibu kabisa. Katika tope lake mtu aweza kutumaini mabaki ya kamongo, kambare na furu, lakini papa aliingiaje?

Wako papa wanaopanda mito. Mmoja wao, ambaye wanasayansi humwita Carcharhinus leucas, hupanda Mto Zambezi, na katika Mto Amazon amewahi kuonekana maelfu ya kilomita kutoka baharini. Lakini njia ya kutoka baharini hadi Ziwa Viktoria ni Mto Nile, na katika njia hiyo yako Maporomoko ya Murchison huko Uganda, ambayo kimo chake ni mita 40 hivi. Ushahidi wa nguvu za kizuizi hicho kila mtu wa Bukoba amekwisha kuula. Sangara ni samaki mwenye asili ya Nile, naye aliishi chini ya maporomoko hayo bila kuweza kuyapanda, mpaka binadamu walipomchukua na kumwaga katika Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950. Ikiwa sangara alishindwa, papa hakuwa na njia.

Hata hivyo, haifai kufanya haraka kusema kwamba umbali kutoka baharini peke yake unatosha kulimaliza jambo. Mwaka 1964, huko Loperot katika nchi kavu ya Turkana, Kenya, mtafiti Mmarekani James Mead aliokota fuvu la nyangumi. Mahali hapo pako kilomita 740 hivi kutoka pwani ya leo, na mita 620 juu ya usawa wa bahari. Nyangumi huyo aliishi miaka milioni 17 iliyopita, naye yaelekea alipotea njia akapanda mto hadi akafia huko. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 uliutumia mfupa wake kama kipimo: kwa kuwa nyangumi hapandi milima, nchi ya Turkana lazima ilikuwa tambarare na karibu na usawa wa bahari wakati ule, na kuinuka kwake kulifuata baadaye. Kinachokata shauri, basi, ni umri wa mwamba na historia ya maji yake.

Je, Tanzania haina meno ya papa wa kale? Inayo, lakini upande mwingine wa nchi. Ukanda wa pwani kuanzia Tanga hadi Mtwara umejengwa na miamba iliyowekwa na bahari, au karibu na bahari, kuanzia zama za Jurasi na kuendelea. Chokaa ya mapango ya Amboni ni ya zama hizo. Na mkoani Lindi, yapata kilomita 60 kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi, kiko kilima cha Tendaguru, ambacho jina lake linajulikana dunia nzima kwa ajili ya mijusi wakubwa wa kale, dinosaria. Kati ya mwaka 1909 na 1913 msafara wa Wajerumani, chini ya uongozi wa Werner Janensch na Edwin Hennig, uliajiri mamia ya wananchi kuchimba huko, msimamizi wao akiwa Boheti bin Amrani. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilibebwa vichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi na kusafirishwa Berlin, ambako mjusi mmoja mwenye kimo cha mita 13 na zaidi husimama katika jumba la makumbusho hadi leo.

Kisichosemwa sana ni kwamba tabaka zenye mijusi huko Tendaguru hupishana na tabaka za mchanga wa bahari zenye makombe. Bahari ilikuja, ikarudi, ikaja tena. Humo wamo papa wa kale, na humo limetoka jino la taa, jamaa wa karibu wa papa, ambaye mwaka 2002 wanasayansi walimpa jina la Engaibatis schultzei. Aliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita. Meno ya namna hiyo ni madogo, milimita chache tu, na hayaonekani ila kwa kuchekecha mchanga na kuchunguza mabaki yake kwa kioo cha kukuzia. Sifa zote zilikwenda kwa mifupa iliyohitaji watu kadhaa kuibeba; chekeche haikupata sifa yoyote, ingawa ndiyo inayotueleza kwamba mijusi hao waliishi kando ya bahari.

Mwalimu wa Lindi au Kilwa anayetaka kuwapeleka wanafunzi wake vijitoni ajue pia kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda mabaki ya kale ya wanyama wenye uti wa mgongo, na jino la papa limo. Kuchimba bila kibali ni kosa, na anayegundua kitu anapaswa kutoa taarifa. Kuangalia, kupima na kupiga picha hakuna anayekataza, na kwa kweli jino lililoondolewa bila kuandikwa tabaka lake limepoteza nusu ya habari zake.

Na Buhembe? Wanafunzi wa huko wakichekecha changarawe watakutana, mara nyingi zaidi ya wanavyotarajia, na vipande vyeusi, vizito, vyenye kung'aa kama kioo, na baadhi vyenye ncha. Mwenye hamu ya jino la papa ataruka kwa furaha. Avitazame tena. Jino lina pande mbili zinazolingana, lina shina lisilong'aa na taji linalong'aa, na halina matundu. Kipande cheusi chenye vitundu vya mapovu, na chenye alama ya mkaa upande mmoja, ni mavi ya chuma, yaani takataka iliyoyeyuka na kutoka katika tanuri la mhunzi wa kale. Huko Katuruka, karibu na Maruku, na huko Kemondo, mtaalamu wa mambo ya kale Peter Schmidt alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba chuma kiliyeyushwa Buhaya karibu miaka 2,000 iliyopita, na aliongozwa mahali penyewe na wazee waliohifadhi masimulizi yake. Yeye na mwenzake Donald Avery walidai mwaka 1978 kwamba wahunzi hao waliipasha hewa joto kabla haijaingia motoni, dai lililopingwa na wataalamu wengine na kubishaniwa kwa miaka mingi.

Vipande hivyo navyo visiondolewe ovyo. Mwanafunzi achore ramani ndogo ya kijito, aandike ni katika kona ipi kipande kilionekana na kilikuwa cha ukubwa gani, kisha apande na mkondo akihesabu. Vipande vikizidi kuwa vikubwa na vyenye kingo kali, tanuri liko mbele. Vikikoma ghafla, amelipita, na inambidi arudi nyuma na kutazama juu ya ukingo, aghalabu katikati ya migomba.