NAFASI YA VYUO VYA UFUNDI STADI KATIKA SERA ZA ULAYA: FUNZO KWA FUNDI WA HALE

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili nafasi ya vyuo vya ufundi stadi katika sera za elimu na ujuzi za Ulaya, na kuitazama nafasi hiyo kutokea Hale, mji mdogo wa mkonge wilayani Korogwe. Hoja yetu ni kwamba chuo cha ufundi hakiishii kufundisha. Huufanya ujuzi utambulike mbali na pale ulipopatikana. Aidha, tutaonyesha kuwa Ulaya imeifanya kazi hiyo bila kuwalazimisha mafundi wake kutumia lugha moja. Suala hili, basi, linawahusu wanataaluma wa Kiswahili pia.

2.0 Ujuzi wa Hale

Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Richard Hindorf, ukaenea katika bonde la mto Pangani. Hapo Hale pana pia kituo cha umeme wa maji chenye uwezo wa megawati 21, kilichojengwa mwaka 1964. Kazi za namna hii haziendi bila mafundi, nao mafundi hawakosi lugha. Mtambo wa kutenganisha singa na nyama ya jani huitwa korona, neno lililotokana na jina la aina mojawapo ya mashine hizo. Vibarua wa mashambani waliitwa manamba kwa sababu ya namba walizopewa. Hata neno shule tumelipata kwa Wajerumani, ambao shule yao ya serikali mjini Tanga ilifundisha pia ufundi. Ni hapo ndipo gazeti la Kiswahili la Kiongozi lilipochapwa mwanzoni mwa karne ya 20.

Hata hivyo, tumchukue fundi aliyejifunza korona kwa kumtazama fundi aliyemtangulia. Anaweza kutambua hitilafu kwa kusikia mlio wa mtambo tu. Ndani ya kiwanda anaheshimiwa. Akienda kuomba kazi kwingine huulizwa cheti, na akikikosa huhesabiwa kuwa hajui kitu. Ujuzi wake ni kamili, lakini hausafiri.

3.0 Sera za Ulaya

Mataifa ya Ulaya yalikumbana na tatizo hilo kwa sura nyingine: fundi wa nchi moja alivuka mpaka, ujuzi wake ukabaki nyuma. Mkataba wa Roma wa mwaka 1957 uligusia sera ya pamoja ya mafunzo ya ufundi, na mwaka 1975 kikaundwa Cedefop, kituo cha Ulaya cha kuendeleza mafunzo hayo. Mkataba wa Maastricht wa mwaka 1992 uliweka mpaka muhimu: Jumuiya iunge mkono juhudi za nchi wanachama, lakini maudhui na mpangilio wa mafunzo vibaki mikononi mwa kila nchi.

Kwa hiyo vyuo vilibaki vya kitaifa. Nchini Ujerumani, mwanagenzi hufunga mkataba na mwajiri, akajifunza kazini sehemu kubwa ya juma na kuhudhuria chuo siku moja au mbili. Kilichounganishwa ni vipimo. Mfumo wa Tuzo wa Ulaya wa mwaka 2008 una ngazi 8, na kila ngazi hupimwa kwa kile ambacho mtu anakijua na anaweza kukifanya. Mwaka 2012 nchi wanachama zilihimizwa kutambua hata ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Mwanagenzi wa Denmark husoma na kutahiniwa kwa Kidenishi, wa Ureno kwa Kireno, na bado tuzo zao zinaweza kulinganishwa.

4.0 Tanzania na suala la lugha

Tanzania nayo ina vyombo vyake. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na baadaye ukaanzishwa utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini. Utaratibu huo ndio mlango wa fundi wetu wa Hale. Lakini mlango una kizingiti. Endapo maswali, miongozo ya mashine au maelezo ya viwango yamo katika Kiingereza, kinachopimwa si mkono wa fundi bali Kiingereza chake. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilitamka kuwa Kiswahili kitumike kufundishia katika ngazi zote. Ufundi stadi, ambao msamiati wake tayari uko vinywani mwa watu, ungefaa kuwa mahali pa kuanzia.

5.0 Hitimisho

Mtu anaweza kudai kwamba cheti cha Kiswahili hakitavuka mipaka. Mfano wa Ulaya unaonyesha kuwa kinachovuka mpaka ni kipimo kinachoaminika, wala si lazima kiwe katika lugha ya kigeni. Kazi iliyo mbele ya idara zetu ni kwenda karakana na korona, kukusanya istilahi za mafundi, kuzisanifu pamoja nao, na kuziingiza katika mitihani. La sivyo, fundi wa Hale ataendelea kuitwa mjinga kwa lugha ambayo mtambo wake haukuwahi kuihitaji.