Sikukuu ya Nyumbani Ukiwa Ugenini

Pangani imezoea wageni. Hata mkonge uliojaza mashamba yake si wa asili ya hapa: Mjerumani Richard Hindorf aliuagiza kutoka Florida mwaka 1893, na miche 62 iliyosalimika ikapandwa Kikogwe. Vibarua wa mkonge nao walitoka mbali, hata Msumbiji na Burundi. Katika miaka ya 1940 walifika Tanga wamisionari Warosmini, wengi wao watu wa Ireland, na Mrosmini Eugène Arthurs akawa askofu wa kwanza wa Jimbo la Tanga mwaka 1958. Kila mgeni huja na sikukuu za kwao moyoni. Je, aziadhimisheje?

Tuchukue mfano wa Mtakatifu Patrisi, tarehe 17 Machi. Nchini Ireland siku hiyo ni sherehe na pia sikukuu ya taifa. Kwetu ni kumbukumbu ya hiari, na daima huangukia Kwaresima. Kwa hiyo padre mwenye asili ya Ireland anayeadhimisha Misa parokiani Pangani huvaa zambarau na kufuata Misa ya siku; anaweza tu kutumia sala ya mwanzo ya mtakatifu huyo. Liturujia ni ya Kanisa lote la mahali pale, hivyo hufuata kalenda ya mahali.

Vivyo hivyo kuhusu nyama. Kanuni ya 1251 huondoa wajibu wa kujinyima nyama Ijumaa inapoangukia sherehe. Tarehe 17 Machi 2023 ilikuwa Ijumaa: aliyekuwa Ireland aliruhusiwa nyama, lakini Pangani siku ile haikuwa sherehe, ilikuwa Ijumaa ya Kwaresima. Tena, kwa kanuni ya 102, aliyekaa parokiani miezi mitatu tayari ana makao ya muda hapo kisheria.

Hekima hii ni ya kale. Mtakatifu Monika alipofika Milano alikuta watu hawafungi Jumamosi kama alivyozoea kwao. Agostino alimwuliza Askofu Ambrosi, naye akajibu kwamba akiwa Roma hufunga, akiwa Milano hafungi. Yaani, fuata desturi ya Kanisa unalolifikia.

Je, mgeni asahau kwao? Hapana. Baada ya Misa kuna meza, nyimbo, na sala kwa lugha ya mama. Katika sala za waamini nchi yake inaweza kuombewa. Mseminari wetu aliyeko Roma afanye hivyo hivyo tarehe 9 Desemba: mwaka 2018 siku ya Uhuru wetu ilikuwa Dominika ya pili ya Majilio, na Dominika hiyo haipishi sikukuu ya taifa. Pilau ingeweza kufuata baadaye.

Tuna hatari mbili za kuepuka. Mgeni asiigeuze parokia kuwa chama cha watu wa kwao. Nasi wenyeji tusimwache ale sikukuu yake peke yake chumbani. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Tumwulize siku yake ni lini, twende tukaketi naye.

Patrisi mwenyewe hakuzaliwa Ireland. Alitoka Britania, akatekwa akiwa kijana, akawa mtumwa huko Ireland, akatoroka, kisha akarudi kama askofu kuwahubiria waliomtumikisha. Taifa zima leo linasherehekea mgeni.