SAA MOJA KWA VYOMBO VIWILI

Wekeni karatasi na kalamu karibu, maana leo tutafanya hesabu kidogo.

Zamani nahodha alipima kina cha maji kwa bildi. Meli ya upimaji ya siku hizi hutumia sona: hupeleka sauti chini, sauti hugonga sakafu ya bahari, nao mwangwi hurudi. Katika maji ya bahari sauti hwenda yapata mita 1,500 kwa sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya sekunde 2, sauti imekwenda mita 3,000, kushuka na kupanda; basi kina ni mita 1,500.

Lakini kina peke yake hakitoshi. Yatupasa kujua meli ilikuwa mahali gani wakati ule. Hiyo ni kazi ya chombo cha pili, kipokezi cha ishara za setilaiti, kama zile za GPS. Je, saa za vyombo hivi zikihitilafiana?

Andikeni: meli yenda mita 5 kwa sekunde, saa ya sona imechelewa sekunde 1. Mwamba utaandikwa ramanini mita 5 mbali na mahali pake. Rubani aiaminiye ramani hiyo penye mlango mwembamba yumo hatarini.

Dawa ni hii. Kila sekunde ianzapo, kipokezi hupeleka pigo moja la umeme kwa waya hadi kwenye sona. Hufuata ujumbe utajao tarehe na saa ya pigo lile. Sona hurekebisha saa yake kwa vyote viwili. Ikiuchukua ujumbe kuwa ni wa pigo jingine la jirani, kosa ni sekunde 1 kamili.

Tena jihadharini: tangu mwanzo wa 2017, saa ya GPS imeitangulia saa ya kimataifa, UTC, kwa sekunde 18. Chombo kimoja kikifuata hii na kingine ile, kwa mwendo wetu kosa ni mita 90.

Tutajuaje? Meli na ipite juu ya mwamba mmoja mara mbili, njia ile ile, ikielekea upande ule ule. Kwanza pole pole, kisha kwa kasi. Mwamba hauhami. Ukionekana umehama, kagueni saa.

Zoezi: mwendo wa kwanza mita 2 kwa sekunde, wa pili mita 4, mwamba umeonekana kuhama mita 1. Gawanyeni 1 kwa tofauti ya mwendo, yaani 2. Saa zimepishana nusu sekunde.

Somo letu limeishia hapa. Kwaherini.